Acheni kuandika 23:59:59

Ripoti ya mwezi inayochuja rekodi hadi tarehe 31 saa 23:59:59 ina tundu. Hifadhidata ya PostgreSQL hutunza muda hadi mikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde), kwa hiyo muamala ulioingia nusu sekunde baada ya hapo haumo kwenye ripoti hii. Kichujio cha mwezi ujao kinaanza saa 6 kamili usiku, nacho hakiuoni. Umemezwa, na hakuna kosa lililoripotiwa popote.

Msimamo wangu ni mmoja: mwanzo uwemo, mwisho usiwemo. Kwa Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, ni `created_at__gte=mwanzo, created_at__lt=mwanzo_wa_mwezi_ujao` (`gte` ni kuanzia hapo, `lt` ni kabla ya hapo). Huhitaji hata kujua mwezi una siku 28 au 31.

Watu wanapenda `__range` (kuanzia hapa hadi pale) kwa sababu ni fupi. Sawa, lakini ukiipa tarehe tupu, bila saa, kwenye uga wa DateTimeField (unaotunza tarehe na saa), Django huzisoma kama saa 6 usiku siku inapoanza, na siku ya mwisho karibu yote inabaki nje. Nyaraka zake zinaonya wazi, nani anazisoma?

`__date` (kuchuja kwa tarehe pekee) nayo inasomeka vizuri, kama `whereDate` ya Laravel, mfumo wa PHP. Shida ni kwamba safu inafungwa ndani ya kitendakazi, na faharasa (index) ya kawaida uliyoiweka kwenye safu hiyo haisaidii tena. Jedwali likiwa dogo, usijisumbue. Likiwa na mamilioni ya rekodi, utaona ukurasa unavyojikokota. (`__year` imenusurika: Django huigeuza kuwa BETWEEN, yaani kati ya mwanzo na mwisho wa mwaka, bila kuifunga safu.)

Halafu kuna swali ambalo wengi hawaulizi: “leo” ya nani? Tangu Django 5.0, USE_TZ (mpangilio wa kuzingatia majira ya saa) huwa True bila wewe kuigusa, na muda unahifadhiwa kwa UTC, saa ya rejea ya dunia. Aliye saa tatu mbele ya UTC, siku yake inaanza saa 21:00 ya jana huko kwenye hifadhidata. Tengeneza mipaka kwa majira ya saa ya mtumiaji, kisha iache Django igeuze. Na lile onyo la “naive datetime” (muda usiotaja majira ya saa) kwenye terminali usilifumbie macho.

Wanaotumia hifadhidata ya MySQL wana balaa lao la ziada. Kama mradi hautumii UTC na majedwali ya majira ya saa hayajapakiwa kwenye seva, `__date` hurudisha orodha tupu, kimya kabisa. Utakesha ukikagua msimbo usio na kosa, kumbe kilichokosekana ni kuendesha `mysql_tzinfo_to_sql`, programu inayoandaa majedwali hayo.