T-Rex ya Jeff Gordon: gari kali au ujanja mtupu?

Jumamosi usiku, tarehe 17 Mei 1997, dereva Jeff Gordon alianza mbio za mabingwa wa NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, kwenye uwanja wa Charlotte, North Carolina, akiwa nafasi ya 19. Gari lake namba 24, Chevrolet Monte Carlo, lilikuwa limechorwa dinosaria kwa ajili ya tangazo la Jurassic Park. Ilipotimia mizunguko yote 70 alikuwa wa kwanza. Gari likakaguliwa, likapita. Halafu wakuu wa NASCAR wakamwambia fundi mkuu wa timu, Ray Evernham, asilirudishe tena uwanjani, na kanuni zikaandikwa upya ili kuziba mianya yote aliyopitia. Gari lile, ambalo mafundi walikuwa wakiliita T-Rex, lilishindana usiku ule mmoja basi.

Wapenzi wa magari bado wanabishana: je, gari linaloshinda kwa kupindisha sheria ni gari kali? Mimi nasema ndiyo, T-Rex ilikuwa kali. Ila wanaokataa wana hoja za uzito, na moja kati ya hizo inanigusa mahali penye maumivu.

Tuanze na jinsi lilivyoundwa. Watu wengi hudhani jina lilitokana na yule dinosaria. Hapana, lilitokana na mhandisi wa timu ya Gordon, Hendrick, aitwaye Rex Stump. Siku zile timu za NASCAR ziliunda gari jipya kwa kulitazama la zamani: unachukua chasisi iliyoshinda mwaka jana, unarekebisha hapa na pale. Stump alipewa kazi tofauti. Aliambiwa asahau gari lililopo, achukue kitabu cha kanuni, asome kilichoandikwa na kisichoandikwa, kisha aunde gari bora kadiri kitabu kinavyoruhusu. Matokeo yake yakawa chasisi yenye vyuma vikuu vilivyotengenezwa kwa namna nyingine, sakafu iliyoinuliwa, na vishikio vya magurudumu vilivyofungwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kuvifunga. Kwa macho ya mtu aliyekaa jukwaani ilikuwa Monte Carlo kama Monte Carlo nyingine.

Faida ya mambo hayo huonekana kwenye kona. Uwanja wa Charlotte una mzunguko wa kilomita 2.4, na kona zake zimeinama nyuzi 24. Magari hukata kushoto tu, mzunguko baada ya mzunguko, kwa hiyo uzito wote hukimbilia tairi za kulia, hasa ya mbele. Tairi ile ikizidiwa, pua ya gari inakataa kuingia ndani, dereva analazimika kuachia mafuta na kusubiri. Gari ambalo sehemu zake nzito ziko chini, linalokaa imara na kuachiwa upepo mzuri chini ya tumbo, linamruhusu dereva kukanyaga mafuta mapema wakati wenzake bado wanasubiri. Sehemu ndogo ya sekunde kwenye kila kona, kona baada ya kona, na pengo linakuwa halizibiki tena. Injini haikuwa na siri yoyote. Kasi ilitoka kwa mtu aliyeketi na kitabu na penseli, na ndiyo maana nalipenda gari hili.

Sasa upande wa pili. Mashindano haya ya Wamarekani yalianza na magari yaleyale yaliyouzwa dukani. Hiyo ndiyo ahadi iliyowajaza watu viwanjani: gari linalokimbia linafanana na lililoegeshwa nje ya nyumba yako, na anayeshinda ni dereva. Kufikia 1997 ahadi hiyo ilikuwa imebaki jina, kwa kuwa bodi zilikuwa zinakunjwa kwa mikono na chasisi zinachomelewa kwenye karakana za timu. Hata hivyo watazamaji waliendelea kuiamini. Ukishaleta gari ambalo mhandisi amelifikiria upya kuanzia chini, umehamisha ushindi kutoka usukani hadi mezani. Timu ndogo haina fedha za kumlipa mhandisi wa kufanya kazi ya namna hiyo. Kama T-Rex ingeachwa, kila tajiri angetengeneza yake, na wasio na kitu wangefunga gereji.

Hoja hii siipuuzi. Naongeza nyingine ambayo wenye kuipinga T-Rex huisahau: mwanya ukiachwa wazi unaweza kuua. Mwaka 1969 Dodge walitoa Charger Daytona yenye pua ndefu kama mkuki na bawa la nyuma lenye kimo cha karibu sentimita 58. Kanuni ilitaka magari 500 yatengenezwe kwa ajili ya wateja, nao wakayatengeneza. Mwaka uliofuata Plymouth wakaleta ndugu yake, Superbird. Tarehe 24 Machi 1970, katika uwanja wa Talladega, Alabama, Buddy Baker akiwa ndani ya Daytona alivuka maili 200 kwa saa, yaani kilomita 322, wa kwanza kufanya hivyo kwenye uwanja wa mzunguko. Ila tairi hazikuwa tayari kwa kasi za namna hiyo. Kwenye uwanja huohuo, Septemba 1969, tairi zilikuwa zikichanika mazoezini baada ya mizunguko michache, hadi madereva wengi maarufu, Richard Petty akiwa mbele yao, wakapakia magari na kuondoka kabla ya mbio. Mwaka 1971 NASCAR ikaamua kwamba gari lenye bawa litumie injini isiyozidi lita 5, ilhali mengine yanaendelea na lita 7. Habari ya mabawa ikaishia hapo. Siwezi kumlaumu aliyefanya uamuzi ule.

Kwa hiyo nakubali kwamba NASCAR walikuwa na haki ya kuifungia T-Rex. Ninachokataa ni kuliita gari la udanganyifu. Lilipita ukaguzi. Likafunguliwa, likapimwa, na kila kipande kikawa mahali ambapo kitabu hakikukataza. Kama lingekuwa limevunja kanuni, kusingekuwa na haja ya kuandika kanuni mpya.

Kupindisha huku kuna ukoo mrefu. Baba yake ni Smokey Yunick, fundi wa Daytona Beach, Florida. Kanuni ya wakati wake ilitaja ukubwa wa tanki la mafuta. Haikutaja bomba la kutoka kwenye tanki hadi kwenye injini. Yunick akaweka bomba lenye upana wa inchi 2 na urefu wa futi 11. Ukipiga hesabu unapata karibu lita 7 za mafuta zilizolala njiani, nje ya tanki, bila kuvunja neno hata moja la kitabu. Waliokasirika walikasirika, kisha wakaandika upana wa bomba. Mkaguzi alijifunza jambo ambalo asingelijua bila Yunick.

Hapa ndipo penye maumivu yangu. Mimi sikuanza kupenda magari ya mbio kwa NASCAR. Nilianza kwa picha ya Toyota Celica kwenye kalenda ya duka la vipuri, nyeupe na nyekundu, imefunikwa tope hadi kwenye vioo. Mwaka 1993 Celica zilishika nafasi nne za kwanza kwenye Safari Rally, Juha Kankkunen akiongoza. Mwaka uliofuata Ian Duncan, Mkenya, akashinda nyumbani kwa gari hilohilo. Kwetu ukitamka Toyota ulikuwa umetamka uaminifu.

Halafu ikaja rali ya Catalunya, Hispania, mwaka 1995. Magari yote yenye turbo yalilazimika kuwa na pete inayobana hewa ili nguvu zisizidi. Kwenye Celica mpya, toleo lililofuata zile zilizotamba Safari, wakaguzi walikuta pete ambayo fundi akikaza klipu ya mpira wa hewa kwa kifaa maalumu, inasogea nyuma milimita 5 hivi, na hewa inapita kando yake. Mkaguzi akifungua klipu ili apime, springi zinairudisha pete mahali pake na kila kitu kinaonekana halali. Max Mosley, wakati huo rais wa FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, alisema hajawahi kuona kifaa cha kitaalamu kama kile katika miaka 30 ya michezo ya magari. Timu ilinyang'anywa pointi zote na kufungiwa miezi 12.

Kwa ufundi mtupu, pete ile inaishinda T-Rex. Nimeutazama mchoro wake mara nyingi na kila mara nashangaa mikono iliyoitengeneza. Lakini siwezi kuiita kali. Kazi yake nzima ilikuwa kujificha pale mtu anapofungua aangalie. T-Rex ungeweza kuigeuza juu chini mbele ya wapinzani wote, na Evernham angesimama pembeni na kitabu mkononi, akikuonyesha ukurasa. Mtu anayebishana kuhusu magari haya asipotenganisha mambo hayo mawili, atamweka Stump na wale wa Catalunya kwenye kapu moja, na hilo ni kosa kubwa kuliko yote.

Wengine husema T-Rex ndiyo iliyombeba Gordon, kwamba bila mwanya asingefika popote. Jumapili ya wiki iliyofuata uwanja ulikuwa uleule, Charlotte, kwenye mbio ndefu za Coca-Cola 600. Mvua ikachelewesha mbio hadi zikakatizwa baada ya saa sita usiku, mzunguko wa 333 kati ya 400. T-Rex haikuwepo. Timu ilileta gari la kawaida, na aliyekuwa mbele taa zilipozimwa alikuwa Jeff Gordon.