Cheti cha Siku Mbili Hakimfanyi Mtu Kuwa Tabibu

Nimesoma tangazo la mafunzo ya tiba ya hipnosisi, yaani tiba ya kumwongoza mtu kwa maneno hadi aingie katika hali ya utulivu na umakini mkubwa, lililonikosesha raha. Mafunzo ni ya siku mbili kwa njia ya mtandao, hayadai elimu yoyote ya afya, na mhitimu anahimizwa aanze mara moja kupokea wenye sonona, wenye hofu na waliojeruhiwa utotoni. Linaloniudhi zaidi ni kwamba katika nchi nyingi hakuna sheria inayovunjwa hapo.

Tiba yenyewe siipingi. Miaka ya 1840 James Braid, daktari wa upasuaji huko Manchester, aliitenga na madai ya wafuasi wa Mesmer, daktari wa karne ya 18 aliyedai kuponya kwa nguvu isiyoonekana itokayo kwa tabibu, kwa kuonyesha kwamba hakuna nguvu inayomtoka tabibu. Kinachotenda kazi ni umakini wa mgonjwa mwenyewe. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali mwaka 1955. Katika jiji hilo hilo la Manchester, mwaka 1984, Peter Whorwell na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha nafuu kubwa kwa watu wenye maumivu sugu ya utumbo ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Kwa wanaotaka kuacha sigara ushahidi ni dhaifu, ingawa matangazo yao ndiyo mengi.

Kumwingiza mtu katika hali hiyo si kazi ngumu. Kumtaka akazie macho nukta moja ukutani hadi kope ziwe nzito, kisha kumhesabia ngazi anazoshuka akilini, ni jambo la kufundishwa mchana mmoja. Lisilofundishika mchana mmoja ni kutambua kwamba maumivu ya kichwa unayoombwa kuyatuliza yanapaswa kwanza kuchunguzwa na daktari wa neva, au kwamba anayesikia sauti zisizokuwepo hafai kuongozwa namna hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kumbukumbu, na hapa siko tayari kulegeza msimamo. Aliye katika hipnosisi hupokea mapendekezo kwa wepesi. Mwulize, "Nani anaingia chumbani?" naye huenda akauona mlango, kisha mkono juu ya kitasa, kisha uso, na uso huo ukishapewa jina, yeye mwenyewe hawezi tena kuutofautisha na jambo lililotokea kweli. Usahihi wa kumbukumbu hauongezeki kwa kiwango cha kutegemewa, bali uhakika wa msimulizi ndio unaoongezeka, na ndiyo maana mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya California ilikataa ushahidi wa shahidi aliyefanyiwa hipnosisi ili akumbushwe. Kosa la namna hii haliishii kwa mgonjwa: baba, mjomba au mwalimu anaweza kutuhumiwa kwa jambo lililozaliwa ndani ya swali la tabibu asiyejua kuuliza.

Israeli ina sheria tangu mwaka 1984 inayowaachia kazi hii madaktari, madaktari wa meno na wanasaikolojia wenye leseni. Uingereza usajili ni wa hiari. Mwaka 2009 BBC ilieleza jinsi mtangazaji wake alivyomsajili paka wake katika vyama vitatu vya fani hii, na vyote vikampokea. Wengi walicheka, lakini mimi nawafikiria wagonjwa waliozitegemea orodha hizo hizo kumchagua mtu wa kumfungulia moyo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wasio na shahada ya udaktari wanaoifanya kazi hii kwa uangalifu kuliko baadhi ya madaktari, na kwamba sheria kali ingewaumiza. Wapewe njia yao: saa za kutosha za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi, orodha ya maradhi wasiyoruhusiwa kuyagusa peke yao, na marufuku ya kufukua kumbukumbu. Navyo vyama vinavyotoa vyeti vitangaze hadharani vimewafuta uanachama wangapi na kwa makosa gani. Chama kisichowahi kumfuta mtu hata mmoja kitueleze malalamiko ya wagonjwa huwa yanapelekwa wapi.