Nyumba Inauzwa, Tafadhali Usikalie Kochi

Kwa maelezo ya dalali, kasoro kubwa ya nyumba yetu si paa, si bomba, wala si ule mlango wa stoo unaotaka kunyanyuliwa kidogo ndipo ufunguke. Kasoro yake kubwa ni kwamba inakaliwa. Alilisema hilo kwa upole, akiwa amesimama katikati ya sebule na daftari mkononi, huku macho yake yakipita juu ya viatu vya watoto, juu ya rundo la magazeti, juu ya kochi, na hatimaye juu yangu mimi niliyekuwa nimelala kwenye kochi hilo, na kwa jinsi alivyokuwa akiandika sikuweza kujua ni kipi kati ya hivyo vinne kilichoingia katika orodha ya vitu vya kuondolewa.

Hoja yake, nikiivua mapambo, ni hii. Mnunuzi akiingia katika nyumba ya mtu hujiona mgeni, na mgeni huwa na adabu: husifu, hushukuru, kisha huenda zake. Akiingia katika nyumba isiyo na dalili ya mtu yeyote, lakini yenye dalili zote za maisha mazuri, huanza kupanga kichwani vitanda vya wanawe mwenyewe, na aliyekwisha kupanga vitanda hayuko mbali na kutaja bei. Kwa hiyo sisi, ambao hatuna pa kwenda mpaka nyumba ipate mtu, tunatakiwa tuendelee kulala, kupika, kuoga na kugombana humu ndani bila kuacha alama yoyote. Hata mwizi hadaiwi usafi wa namna hii.

Tukaanza na picha za ukutani. Picha ya harusi, picha za mahafali, ya kitinda mimba wetu akiwa na meno mawili, na ile kubwa ya marehemu babu yangu ambaye hakuwahi kutabasamu mbele ya kamera, zote ziliamriwa kushuka, kwa sababu mnunuzi hutumia muda kuchunguza sisi ni nani badala ya kuchunguza ukuta una upana gani. Babu alipelekwa kwanza chini ya kitanda, lakini dalali akatuonya kwamba wanunuzi huinama; akapandishwa juu ya kabati, tukaambiwa kwamba wanunuzi pia huinua vichwa. Sasa yumo katika buti ya gari, amefungwa shuka, na kila ninapokata kona kwa kasi namsikia akigonga upande, hivyo naendesha kwa heshima ambayo askari wa barabarani hawajawahi kuipata kutoka kwangu.

Baada ya picha ikawa zamu ya vitu vyenyewe. Kanuni ni kwamba kila kabati liwe nusu tupu, kwa kuwa mnunuzi atalifungua tu, na kabati lililoshiba humwambia kwamba nyumba hii haiwatoshi hata wanaoiuza. Kanuni nimeielewa. Nisichokielewa ni ile nusu nyingine inakwenda wapi. Nimesoma ushauri wa wajuzi wengi wa mambo haya, na wote wakifika hapo huandika kwamba uondoe vitu visivyo vya lazima, kisha hurukia habari za mapazia, ati yatundikwe karibu na dari ili chumba kionekane kirefu. Wachache walio wakweli husema ukodi ghala, yaani mtu mwenye nyumba alipie chumba cha kuwekea vitu ili nyumba yake ionekane ina nafasi ya kuwekea vitu. Mama watoto alipata ufumbuzi wa bure: shehena yote ikapelekwa kwa mdogo wake, na tukaazimwa kutoka huko kioo kikubwa cha ukutani. Leo ukiingia kwa shemeji sharti upite kiubavu kuanzia mlangoni hadi jikoni, nami naomba asije akapata wazo la kuuza na yeye.

Kwenye rangi ndipo nilipojaribu kupambana. Chumba cha binti yetu kilikuwa cha zambarau, rangi aliyoichagua mwenyewe na kuisimamia siku nzima fundi asije akaipunguza nguvu, na dalali akasema kinatakiwa kiwe na rangi tulivu, maana yake rangi ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayeichukia. Tukaletewa kadi yenye weupe wa lulu, weupe wa pembe, weupe wa maziwa na weupe wa mawingu, tukaipitisha mkono kwa mkono dirishani, na watu wote wa nyumba wakaona weupe mmoja isipokuwa mama watoto, ambaye ndiye pekee mwenye kura. Kisha nikajifunza jambo ambalo halikuandikwa mbele ya kopo: rangi ya maji hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa sawasawa, na katika wiki hizo ni rahisi kuchubuka na kushika madoa. Kwa hiyo tunapita ukumbini kwa mstari mmoja, mikono kifuani, na mtoto anayetaka kupiga chafya anatakiwa kwanza atoke nje.

Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na kesi yake peke yake. Una doa la unyevu ambalo limekuwa likikua taratibu tangu mtoto wa pili azaliwe, na kwa sasa limefikia umbo ambalo wanangu hubishana iwapo ni tembo au meli. Fundi rangi alilitazama, akalipapasa, akatuambia kwa sauti ya mtu anayetoa siri kwamba mikono miwili ya rangi nzito italimaliza na hakuna mnunuzi atakayejua. Mama watoto akamuuliza: "Na maji yenyewe umeshayaambia kwamba tunauza?" Fundi hakuwa na jibu, kwa sababu jibu halipo. Maji yanayopenya ukutani huja na chumvi zilizomo katika matofali na plasta, nayo yakifika juu hukauka na kuziacha chumvi hizo chini ya rangi, ambako hujikusanya na kuisukuma mpaka ivimbe, ipasuke na kubanduka, aghalabu wakati mnunuzi amesimama karibu yake. Isitoshe, katika nchi nyingi muuzaji anatakiwa kisheria kueleza kasoro anazozijua, na anayezificha anaweza kuitwa mahakamani hata baada ya kukabidhi funguo. Ikabidi nipande ngazi. Huko juu nikakuta mfereji wa paa umejaa majani na kiota ambacho wenyewe walikwisha kuhama, na maji ya mvua, yakikosa njia, yalikuwa yakimwagika nyuma na kuteremka na ukuta wetu kwa miaka yote hiyo. Mfereji ukasafishwa, kiungo kilichoachia kikazibwa, plasta iliyooza ikabomolewa, na sasa tunangoja ukuta ukauke kabla haujapigwa plasta na rangi mpya, na kukauka kwake hakuharakishwi kwa maombi. Ninamlipa fundi, ninamlisha fundi, na kazi yake ya wiki hii ni kuja asubuhi, kuweka kiganja ukutani na kusema bado.

Matengenezo madogo sitayaeleza kwa kirefu, maana yananikera kwa udogo wake. Bawaba zilitiwa mafuta, vitasa vikakazwa, balbu zote zikabadilishwa ziwe za aina moja kwa sababu taa ya njano na taa nyeupe zikikutana katika chumba kimoja picha hutoka na mabaka, na bomba la sinki likatiwa raba mpya. Nilikuwa nikijua kwamba bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza maelfu ya lita kwa mwaka. Nilikuwa pia nimezoea kulala kwa sauti yake, na tangu litengenezwe sipati usingizi, lakini hilo halimo katika daftari la dalali.

Likaja suala la harufu, na hapa kila mtu alikuwa na maoni isipokuwa pua zetu. Pua ya mwenye nyumba haifai kutoa ushahidi, kwa sababu harufu inayodumu hupotea katika fahamu za anayeivuta baada ya dakika chache tu, ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka na zulia lenye mkojo wa paka na kuapa kwamba nyumba yake hainuki kitu. Dalali alivuta pumzi mlangoni, akafumba macho, akasema "mafuta ya kukaangia", kisha akavuta tena na kusema "mbwa". Hatuna mbwa. Tulimwaminisha hivyo mpaka mtoto wa pili alipoeleza, bila kulazimishwa, habari za mbwa wa jirani na mahali anapolala tukiwa kazini. Manukato ya kupuliza yalikatazwa, kwa kuwa mnunuzi akinusa maua makali huanza kujiuliza ni nini kilichofichwa nyuma yake. Badala yake tukaamriwa kufua mapazia, kusugua zulia, kufungua madirisha, na kupika vitu vya kuchemsha pekee mpaka mauzo yakamilike. Anayenunua nyumba hii hatajua ni vyakula vingapi vilivyokaangwa vilijitoa mhanga kwa ajili yake.

Mpiga picha alifika na lenzi ya pembe pana, ya milimita 16, ilhali picha inayokaribia jinsi jicho linavyoona ukubwa wa vitu hupigwa kwa lenzi ya milimita 50 hivi. Alijibana kwenye kona, akainama mpaka kamera ikawa usawa wa kiuno, akahakikisha kuta zimesimama wima, na akatoa sebule ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Kutoka kochi hadi dirisha ungeweza kuweka kituo cha mabasi. Kitanda chetu kilikuwa kimerefuka kama njia ya treni, na kile kioo cha shemeji, kilichowekwa mkabala na dirisha ili kirudishe mwanga, kilikuwa kimetuzalia dirisha la pili. Nilifurahi, nisikane. Furaha ilikwisha mnunuzi wa kwanza alipoingia, akasimama sebuleni, akatazama kulia na kushoto, kisha akamuuliza dalali kwa heshima kubwa sebule yenyewe iko wapi.

Bei nayo tulibishana. Dalali aliposikia kiasi nilichokitaka hakucheka. Alinisimulia habari za vikombe. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wachumi Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya majaribio ambamo baadhi ya watu walipewa vikombe bure na wengine hawakupewa, kisha wenye vikombe wakaulizwa wangeviuza kwa kiasi gani, na wasio navyo wangevinunua kwa kiasi gani. Watu waliovimiliki kwa muda mfupi tu walitaka takriban mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kutoa. Thaler alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017 kwa kazi zake juu ya tabia za namna hii, nami sina ugomvi na tuzo yake. Nilimjibu dalali kwamba vikombe vile havikuwa na rafu ya vitabu ambayo mwenyewe aliijenga kwa mikono yake. Aliitazama rafu, akaiinamia kidogo ili macho yake yalingane nayo, akaandika kitu katika daftari, na kesho yake rafu ikawa kwa shemeji.

Sasa tunaishi kwa taratibu. Vitanda hutandikwa kabla hatujaamka vizuri, sinki hukaushwa kwa kitambaa, mifuniko ya vyoo hufungwa, na bafuni kuna taulo nyeupe nne zilizokunjwa na kufungwa utepe ambazo ni za kutazamwa. Za kufutia maji zinakaa ndani ya mashine ya kufulia, mahali pekee ambapo hadi leo hakuna aliyepachungulia. Kochini kuna mito mitatu ya kukodi, ambayo hukaa kwenye kochi kwa raha kuliko mtu yeyote wa familia hii. Wageni wanapokuja sisi hutakiwa kutoka, kwa kuwa mnunuzi akimwona mwenye nyumba huanza kunong'ona, na anayenong'ona hanunui. Tunakwenda kukaa katika gari nyuma ya kona, watu watano, sufuria ya maharage nusu yameiva ikiwa mapajani mwa mama watoto, na babu kwenye buti.

Wa mwisho kuja, niliambiwa, alikaa muda mrefu kuliko wote. Alifungua mabomba yote kwa pamoja ili aone nguvu ya maji, akavuta maji ya choo, akagonga kuta kwa kidole, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma na kukubaliana na fundi kwamba bado. Weupe wa mawingu hakuutaja. Baadaye alimwandikia dalali akiuliza ni vitu gani vinavyobaki na nyumba. Desturi ya mauzo ni kwamba kilichofungiwa ukutani au sakafuni hubaki, na kinachobebeka huondoka na mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Naye anataka mkataba useme vinginevyo kuhusu mito mitatu, taulo nne, mmea wa pembeni mwa mlango na kioo. Mito ni ya kukodi, mmea ni wa plastiki, taulo mama watoto ameapa kwamba zitatoka naye, na kioo si chetu. Kuhusu bei ya nyumba bado hajasema neno, lakini kuhusu kioo ameuliza mara mbili.