Hija ya Coaster na hija ya miguu

Jumuiya yetu ikipanga hija ya Bagamoyo mambo ni yaleyale kila mwaka. Coaster ya kukodi, spika, tisheti zina picha ya msalaba, pilau kwenye hotpoti, saa nne mshafika, saa nane mshamaliza kupiga picha, saa kumi na moja mko foleni ya Tegeta mnasinzia. Mi sisemi ni dhambi bana, ila hiyo ni ziara, tuiite ziara.

Mwaka huu mi na shangazi tukajitoa kwenye Coaster. Tukapanda daladala Makumbusho alfajiri, kufika stendi ya Bagamoyo tukachukua bodaboda mbili zitupeleke barabara ya Msata mpaka darajani Mto Ruvu, afu tukawaambia wale vijana watuache hapohapo wageuze. Mmoja akashangaa kabisa, "Sa mama si ndo mmetoka mjini sasa hivi?" Shangazi akamjibu, "Ndiyo baba, na ndo tunarudi."

Kwa nini Ruvu? Kwa sababu misafara ya kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inatokea upande huo, inavuka mto, zamani sehemu hii ukiitwa Kingani, ndo inaingia Bagamoyo, mpagazi ana mzigo wa kama frasila mbili begani, yaani kilo 30 na kitu. Kwa njia hiyohiyo ya misafara ndo akina Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, waliuleta mwili wake. Watu wanakijua hicho kisa juujuu tu. Mzee alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, leo ni Zambia, wenzake wakazika moyo chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza kutembea. Tabora wakamkuta Mzungu mwenzake, Cameron, akawashauri wazike palepale yaishe, wakakataa. Huko mbele kuna wanavijiji hawakutaka maiti ipite kwao, ikabidi waufunge upya mwili uonekane kama robota la nguo. Bagamoyo wamefika Februari 1874. Hesabu mwenyewe miezi.

Sisi hata saa moja haijaisha nilikuwa nshaanza kulia. Bonde la Ruvu halina kivuli, barabara imeinuliwa juu ya tambarare, lori likipita upepo wake unakusukuma pembeni, na mi nilijifanya mjanja nimenunua raba mpya, kufika katikati kisigino kimeshavimba lengelenge. Shangazi ana miaka 64, kavaa yeboyebo na kanga kiunoni, rozari mkononi, yuko mbele yangu mita mia nzima na wala hageuki. Nikimwita anasema "Njoo tu mwanangu, tumebakiza fumbo mbili." Akimaliza hizo mbili anaanza rozari upya.

Kuna rafiki yangu yeye anaota kwenda Hispania, Santiago, kila siku ananitumia picha. Sawa, ni njia ya hija ya miguu ya karne nyingi. Ila nilimwambia hata kule watu wengi hawatembei yote, ukitembea kilomita 100 za mwisho unapewa cheti chako. Kwa hiyo kipande kinakubalika! Sa sisi tunashindwa nini na kipande chetu, nauli ya daladala na boda tu, jioni uko kwako Mbezi?

Mjini tukanywa dafu, tukashuka mpaka msalaba wa ufukweni, unaokumbusha wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika 1868, afu tukaingia njia ya miembe kwenda misheni. Pale ndo nilielewa kivuli ni nini. Yaani miembe ile nimeshaipita mara nne kwenye Coaster na sikuwahi kuiona, nilikuwa naangalia simu. Tukapita na makaburi ya wamisionari, wengi wamekufa vijana kabisa, shangazi akawa anasoma miaka kwa sauti na kutoa, kutoa, "huyu mtoto jamani."

Kwenye mnara wa kanisa la zamani kuna kibao kinasema Livingstone alipita mlango huu. Kapita kweli, ila kabebwa! Na waliombeba hawapo kwenye kibao, mnara unaitwa wa Livingstone basi. Wenzetu wa Coaster tuliwakuta hapohapo wanapanga foleni ya selfi, mmoja akamuuliza shangazi mbona vumbi hivyo, gari iliharibika?

Shangazi akakaa kwenye ngazi akavua yeboyebo akakung'uta mchanga. "Gari ipi?" akasema.

Mwakani anataka tuanzie Msata. Nimemwambia shikamoo.