Tanzia ya Bwana Harusi

Simu iliita saa 12 na dakika 10 asubuhi. Mama mwenye ukumbi. Nikakohoa kwanza ili sauti isitoke na usingizi.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Mwanangu, bwana harusi wangu umemuua kwa kosa gani?"

Ngoja nianzie mbali kidogo. Natengeneza tovuti, niko Dar es Salaam, na mmoja wa wateja wangu ni mama mwenye ukumbi wa sherehe huko Tabata. Tovuti yake niliijenga kwa Tailwind, vifaa vya kupambia kurasa kama rangi, mistari na nafasi, toleo la 3, na ikatulia, haikuwahi kunipigisha hata simu moja. Januari 2025 likatoka toleo la 4. Mafundi wenzangu wakawa hawaongei kingine: linajenga haraka, lile faili la mipangilio la JavaScript si lazima tena, unaandika kila kitu humo humo kwenye CSS, lugha ya mapambo ya tovuti. Mimi kitu kipya hakinipiti. Hakuna aliyeniomba nibadilishe chochote. Mama mwenyewe hajui kama duniani kuna kitu kinaitwa Tailwind, anachojua ni kwamba wateja "wanatuona kwenye simu".

Usiku wa Alhamisi nikakaa na laptopu na chupa ya chai ya tangawizi. Walioitengeneza Tailwind wametoa kabisa programu ndogo ya kukuhamisha: unaiita kwenye terminali, inapita faili kwa faili inakurekebishia. Inataka Node, ile programu inayoendesha zana kama hizi kwenye kompyuta, toleo la 20 kwenda juu. Mimi nilikuwa na 18. Mwenye akili angepandisha Node kwanza, akanywa chai, akaendelea. Mimi nikaona nadharauliwa. Nikasema nitahama kwa mikono. Mwongozo wa kuhamia nao upo, umeeleza kila kilichobadilika, lakini niliusoma kwa kidole gumba, nashuka tu mpaka chini.

Na kazi ilikwenda vizuri, tena vizuri ya kutia shaka. Mistari 3 ya @tailwind iliyokuwa juu ya faili nikaitoa, nikaweka mmoja, @import "tailwindcss". Rangi ya zambarau ya mama nikaihamishia kwenye @theme. Nikafungua ukurasa wa mwanzo: ukumbi, taa, viti vya dhahabu, kila kitu mahali pake. Saa 6 usiku nikaupandisha hewani, nikalala fundi.

Ukurasa wa mwanzo hauna fremu hata moja. Fremu zote ziko kwenye "Maharusi Wetu", na huko sikupita.

Sasa kwenye toleo la 3, ukiandika border, yaani mstari wa fremu, bila kutaja rangi, unapewa kijivu chepesi, gray-200, ambacho jicho halikioni mpaka ukitafute. Kwenye toleo la 4, usipotaja rangi, mstari unachukua rangi ya maandishi. Maandishi yangu ni meusi. Yaani siku zote hizo nilikuwa natumia kijivu cha kuazima nikidhani changu, na mwenyewe kaja kukichukua usiku nimelala.

Bado hilo lingevumilika. Kilichoniponza ni jinsi ukurasa wenyewe ulivyokaa. Mama aliagiza picha ziwe nyeusi na nyeupe, "zina heshima". Bibi harusi wa Jumamosi ile alikataa katakata picha yake iwekwe kabla hajapambwa, kwa hiyo ikawekwa ya bwana harusi peke yake, kavaa suti, anaangalia mbali. Fremu ya pikseli 4. Chini yake jina kamili, tarehe, na maneno aliyoyatunga mama kwa mkono wake, ambayo kwenye kijivu yalikuwa matamu tu:

"Safari itaanzia nyumbani kwao Kimara saa 7 mchana kuelekea kanisani. Utabaki mioyoni mwetu daima."

Zungushia hayo mstari mweusi wa unene ule, halafu mpe Mtanzania yeyote asome.

Wa kwanza kusoma alikuwa shangazi wa bwana harusi, yuko Songea, anaamka saa 10 alfajiri kusali. Kamati ilikuwa imetuma linki kwenye grupu ili ndugu wa mbali wajue ratiba. Mwenyekiti wa kamati alikuja kunionyesha baadaye. Shangazi aliandika neno moja, "MWANANGU", na baada yake ikawa mvua. Poleni wanafamilia. Jamani juzi si tulikuwa naye kikaoni? Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Saa 11 na nusu mmoja akauliza swali ambalo naamini wengi walikuwa nalo: "Na sisi tuliomaliza ahadi zetu, utaratibu ukoje?"

Bwana harusi mwenyewe yumo kwenye grupu. Aliamshwa na mitetemo ya simu, akasoma, akaandika, "Nipo jamani."

Akajibiwa, "Nani huyo anachezea simu ya marehemu?"

Nilifungua ule ukurasa mama akiwa bado hewani, na mimi mwenyewe nilishtuka, nikataka kusema pole. Dawa yake ni mistari michache tu kwenye @layer base, unaiambia border irudi kwenye gray-200 kila asipotajwa mwenye rangi. Mistari hiyo imeandikwa ndani ya mwongozo, tayari, ya kunakili na kubandika. Dakika 3 marehemu akafufuka.

Saa 3 akapiga dada wa mapokezi. "Kaka, kitufe cha kuweka nafasi nacho kimekufa."

Nikajaribu kwangu, kinafanya kazi. Nikamwambia abonyeze tena.

"Sijabonyeza hata mara moja. Kile kimkono hakitoki. Nimepeleka mshale pale, unabaki mshale, nikajua hamna kitu. Wateja nimewaandika kwenye daftari."

Hilo nalo lilikuwemo kwenye mwongozo: toleo la 4 limeacha vitufe na mshale wa kawaida, kimkono unakiomba mwenyewe. Nikakiomba. Nikamsikia anavuta pumzi: "Eeh, huyu hapa karudi."

Mume wa mama ana simu ya siku nyingi ambayo hajawahi kuiapdeti. Toleo la 4 linataka Chrome 111 au Safari 16.4 kwenda juu, kwa hiyo kwake zambarau iliyeyuka, mipangilio ikayeyuka, yakabaki maandishi na mapicha yamepangwa kuanzia juu hadi chini. Huyu hakulalamika. Alituma salamu kwamba leo ndiyo tumeandika vizuri, hakuna mbwembwe. Nikaona nisimharibie siku.

Harusi ilifanyika, bwana harusi alicheza kuliko wote. Tatizo lililobaki ni la fedha. Shangazi alikuwa ameshatuma rambirambi, 50,000, kwa mwenyekiti, alfajiri ile ile, na sasa anaidai. Mwenyekiti akafungua daftari la michango. Shangazi aliahidi 100,000 tangu kikao cha kwanza na hajatoa hata senti. "Tumeshaipokea, shangazi," akamwandikia. "Bado 50,000."

Jumatatu mama akapiga tena. Nikakaa kwenye kiti kabisa.

"Marahaba," akasema, kabla hata sijaamkia. "Ile picha ya ukurasa wako si imezunguka? Kuna familia mbili zimenipigia, zinauliza kama tunapokea arobaini na kumbukumbu."

"Ukawaambiaje mama?"

"Nimeshachukua na kianzio. Watengenezee ukurasa wao. Na ile mistari myeusi irudi, ilipendeza."

Nikafungua faili, nikaandika border-4, halafu pembeni yake, herufi kwa herufi, border-black.