Sukari ndani ya maji au ndani ya baridi kali, infraredi inatuambia nini hasa?

Glukosi na galaktosi ukizipima uzito hazitofautiani hata kidogo, zote C6H12O6, tofauti yao ni OH moja tu kwenye kaboni namba 4 imegeukia upande mwingine, basi. Ndo maana mashine ya kupima masi peke yake inachemsha hapo na watu wanakimbilia infraredi, miale isiyoonekana kwa macho, maana inatikisa vifungo vya molekuli na kila umbo linatikisika kivyake.

Sasa kuna wanaopima sukari ikiwa kwenye maji, tone moja juu ya kioo cha ATR, yaani kifuwele ambacho miale inapita ndani yake na kuigusa sampuli kwa juu tu, na dakika chache spektra unayo, ule mchoro wa vilele unaoonyesha miale ipi imenyonywa. Hapa unaiona sukari ikiwa kwao kabisa, glukosi inageuka alfa kwenda beta, maumbo mawili ya pete yake, na kurudi mpaka inatulia kwenye asilimia kama 36 kwa 64. Shida ni maji yenyewe jamani, yananyonya infraredi vibaya mno, karibu na 1640 cm⁻¹ (kipimo cha masafa ya infraredi) na pale juu ya 3000 ambako OH za sukari nazo ziko, kwahiyo unabaki na kale kaeneo ka 1000 hadi 1200 ambako mitikisiko ya C-O imepandana, hujui kilele kipi ni cha kifungo kipi.

Wengine, kama wale wa taasisi ya Fritz Haber kule Berlin, wanaitoa sukari kwenye maji, wanaipa chaji, wanaitumbukiza kwenye matone ya heliamu yenye kelvini 0.4 hivi halafu wanaipiga leza. Vilele vinatoka vyembamba, safi, hata sukari pacha, kama hizo glukosi na galaktosi, unazitenganisha.

Kwa kutambua sukari ipi ni ipi, baridi inashinda, sibishi. Ila tukisema *tabia* ya sukari mi nasita, kwa sababu bila maji zile OH zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na chaji nayo, iwe protoni au sodiamu, inavuta umbo kwake.

Ndo maana naipenda zaidi kazi ya mwanakemia John Simons na wenzake pale Oxford, wao waliiongezea sukari molekuli za maji moja moja wakiangalia kila moja inakaa wapi, na mara nyingi maji yanajipenyeza pale OH mbili ziliposhikana kwa ulegevu.