Mashua ya Mjomba na Fomu ya Chesisi

Ukimwambia mtu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, kwamba unatafuta bima ya mashua, kwanza anacheka. Mji unakunywa maji ya visima vya Mzakwe, mvua yenyewe ni ya kubembeleza, halafu wewe unaongea habari za tanga! Lakini mashua ipo, iko Bagamoyo. Niliachiwa na mjomba magoti yalipomkatalia bahari, na ina miaka zaidi ya 30. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kuishukia si safari ya kujiuliza mara mbili.

Makao makuu ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, tunayo hapa hapa mjini, ila wakala niliyemfuata alinipa fomu ya magari. Penye namba ya chesisi nikaandika "mkuku", ule uti wa chini wa mashua. Tukacheka, tukaendelea. "Kaka, chukua bima kubwa ulale usingizi," akasema, yaani ile inayolipa hata chombo chako mwenyewe. Thamani tukaandika shilingi milioni 10, na ada ikapigwa juu ya hiyo milioni 10. Nilipofika nyumbani ndipo nikasoma vizuri: chombo kikipotea, fidia itafuata bei ya soko ya siku ya ajali.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mashua ya mbao haina soko kama la Toyota. Ikishazama, nani atasema ilikuwa na bei gani? Mkaguzi ataangalia umri tu. Hataona mbavu zilizobadilishwa wala kalafati, pamba ya kuziba nyufa za mbao, iliyotiwa upya, maana vyote viko chini ya maji. Unalipia milioni 10, unaambulia milioni 4. Kwa chombo cha zamani mimi nataka thamani ya makubaliano: kikaguliwe kwanza, tukubaliane kiasi, kiandikwe kwenye mkataba, na kikipotea chote kilipwe kiasi hicho hicho. Ada inaweza kupanda kidogo. Nitalipa.

Kuna wajanja wanaotaja thamani ndogo ili ada ishuke. Wapige hesabu kwanza. Mashua ya milioni 10 umeikatia bima ya milioni 5. Foromali, ule mti unaoshika tanga, na mlingoti vimevunjika, hasara milioni 2. Utapewa milioni 1, kwa sababu nusu ya chombo ulijibimia mwenyewe. Na kwa matanga na kamba uliza mapema kama watakata thuluthi. Ni desturi ya zamani katika bima za bahari: unapewa kipya badala ya kikuukuu, basi theluthi moja unaibeba wewe.

Kinachoua mashua kuukuu mara nyingi si dhoruba. Ni ubao unaooza polepole, msumari uliolika kwa kutu, na mdudu wa baharini anayetoboa mbao pale deheni, mafuta yanayopakwa kukinga ubao, ilipobanduka. Sheria ya bima ya bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo nchi nyingi zimeifuata, inasema wazi kwamba uchakavu wa kawaida na wadudu havilipwi, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Bima kubwa haiwi badala ya fundi. Ni afadhali sehemu ya hela iende kwenye kalafati.

Mfuko ukiwa mwembamba kabisa, ningeacha kuibimia mashua yenyewe, lakini bima ya madhara kwa wengine nisingeiacha. Kusi likivuma usiku nanga ikaachia, mashua ya milioni chache inaweza kuparamia boti ya fiba yenye injini mbili. Deni hilo halitajali mbao zako zina umri gani. Hakikisha pia gharama za kuondoa mabaki zimo, maana chombo kilichozama penye njia ya wenzako ni lazima kitolewe, na kukitoa kunaweza kuzidi bei yake.

Fundi anakuja kuikagua Jumamosi. Mjomba amenipigia simu: "Mwanangu, ule ubao wa tatu upande wa kushoto usimwonyeshe." Nimemwitikia tu, shikamoo na marahaba zikaisha. Ila bima ya bahari inataka useme kila jambo zito unalolijua kuhusu chombo chako. Ukificha ubao mmoja, siku ya madai wanaweza kukunyima hata lile tanga lililochanwa na upepo. Ndio ubao nitakaoanza nao.